Habari za Wenzangu Zilivyonikuta Kigoma

Simu ya idara yetu ilikuwa chumbani kwa mzee, mhandisi wa maji wa mkoa. Ilipolia kwa ajili yangu hakuniita. Aliinua mkono tu, mlango ukiwa wazi, nami nikaacha chupa zangu za kupimia maji nikaenda. Hakuwa na tabia ya kutoka nje kunipisha. Alijifunika gazeti la juma lililopita akasikiliza kila neno.

Aliyenipigia alikuwa mtu mmoja siku zote: msichana niliyelala naye chumba kimoja miaka yote ya chuo, tulipokuwa tukisomea ufundi sanifu wa maji Dar es Salaam. Tulipomaliza, yeye alibakizwa wizarani. Mimi nilipangiwa Kigoma.

"Umekaa?" aliniuliza kila mara.

"Nimesimama."

"Basi shika meza."

Kisha zikamwagika. Yule mrefu wa Songea kapata masomo Uholanzi. Yule aliyekuwa akisinzia kwenye hesabu sasa ni mkuu wa kituo cha pampu Dodoma, tena amejenga. Wale wachumba wawili wameachana, mwanamume kaoa mwalimu. Mmoja kavuka mipaka mpaka Botswana, anafanya kazi Gaborone, mkewe anaringa mtaa mzima. Nilicheka panapochekesha, nikashangaa panaposhangaza, na mwisho yeye akauliza, "Na wewe je?"

"Mimi nipo," nikajibu.

Sikuwa na jingine. Nilipofika niliambiwa nitakaa miaka miwili, halafu nitasogezwa karibu na kwetu Upareni. Miwili ikapita. Nikaomba uhamisho, nikajibiwa kwamba hakuna wa kushika nafasi yangu. Nikaomba tena, nikajibiwa vilevile, na safari ile nadhani hata maneno hawakuyabadilisha. Mama yangu, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka mji wa Mombo, aliniuliza nilipokwenda likizo, "Mwanangu, huko nako ni Tanzania?" Nikamwambia ndiyo, mama, ila treni inapofika pale haina pa kwenda tena, lazima igeuke.

Sikuuchukia mji. Nilipanga chumba mtaa wa Mwanga, karibu na soko la Kigoma, nikajifunza kupika mgebuka, samaki wa ziwa lile, kwa mawese, nikajifunza Kiha kwa akina mama waliokuja kupanga ndoo kwenye visima vyetu. Kilichonichosha ni kule kusikia. Kila simu ilinionyesha wenzangu wanakwenda, nami nikibaki kama mtu aliyeshushwa kituoni kwa bahati mbaya. Nikirudisha mkono wa simu mahali pake, mzee alishusha gazeti akasema, "Wenzako wanakwenda, binti." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesema mvua inakuja.

Darasani kwetu alikuwapo kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa Muha wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Alikuwa mpole, hodari wa hesabu za pampu, na usiku wa kuamkia mitihani alitufundisha mimi na mwenzangu wa chumba mpaka tukaelewa. Niliposoma jina langu ubaoni kwamba nimepangiwa Kigoma, yeye ndiye aliyenifariji. "Utaipenda," alisema. "Dagaa wake hawana mchanga." Nikamwomba anielekeze kwao nikamsalimie mama yake. Akanieleza njia ndefu, yenye mto na kanisa na mteremko. Nilipokwenda Kasulu kikazi niliifuata njia ile. Mto niliuona, kanisa nililiona, watu wa jina lake hawakuwapo.

Mwaka ule Warundi walipopiga kura na nchi yao ikaonekana kutulia, simu ililia.

"Umekaa? Yule Muha wetu si Muha!"

"Ni nani?"

"Mrundi! Wazazi wake walikimbia vita vya kule zamani, kakulia kwenye makazi ya wakimbizi Tabora. Sasa karudi kwao. Yuko Bujumbura, idara ya maji. Wamempa gari, mwenzangu. Gari!"

Habari ile ilizunguka kwa wenzetu wote. Aliyetuficha kwao ndiye aliyetupita. Sikumwonea kijicho hasa, lakini jioni zile nilipokwenda kununua dagaa ufukweni Kibirizi nilitazama milima ya kaskazini, upande wa Burundi, nikasema moyoni, yeye alikuwa na mahali pa kurudi.

Hazikupita siku nyingi rais wao mpya akauawa, na milima ile ikaanza kutoa watu.

Walikuja kwa mawimbi, mwaka baada ya mwaka, kwanza kutoka Burundi, kisha na Wakongo kwa mitumbwi. Waliotoka Burundi kwa miguu wengi waliteremkia Kagunga. Ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, barabara hakina, ukitaka kwenda panda boti. Katika wimbi moja kubwa nilitumwa huko na madumu ya klorini, kwa kuwa watu walikuwa wakinywa maji ya ufukwe uleule walipokuwa wakijisaidia.

Nilipofika sikuuona mchanga. Nilikuwa nimeshautembelea ufukwe ule mara nyingi, naujua. Siku ile ulikuwa vichwa vya watu, magodoro, masufuria na mbuzi. Nilikuwa nimeinama nikikoroga dawa kwenye pipa niliposikia mtu akiniita kwa jina la utani la chuoni, jina ambalo Kigoma nzima hakuna aliyelijua.

Nikageuka. Ndevu zilimwota ovyo, kavaa koti la suti lililochanika bega, mkononi ana dumu tupu.

"Uliniambia kwenu ni Kasulu," nilisema. Ndilo neno lililonitoka kwanza, wala sikulipanga.

Akacheka. Bado alikuwa na kicheko chake. "Nilikuambia ni njia ya Kasulu."

Kisha akashika ukingo wa pipa, nami nikaendelea kukoroga kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Alikuwa na mama yake. Mke alikuwa hajapata. Gari alikuwa nalo kweli, akaliacha na funguo ndani siku mtaa wao ulipoanza kuchomwa. Alinipeleka kwa huyo mama. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, amezipa boti mgongo, anautazama mlima walioteremka.

"Mwakeye, mama," nilimwamkia kwa Kiha.

Akaniitikia kwa Kirundi, akaniangalia kwa muda, kisha akanisemesha Kiswahili safi cha Tabora. "Mwanangu, hapa nilishapita. Nilishuka mlima huuhuu, huyu akiwa mgongoni. Wakatupeleka porini, tukafyeka, tukajenga, tukalima tumbaku. Wakasema kwenu kumekuwa kuzuri, rudini. Nikarudi. Sasa mnataka nikafyeke tena? Mimi sina tena mkono wa panga."

Boti zilikuwa zikija kuwachukua watu kuwapeleka Kigoma, na kutoka pale malori yawapeleke kambini. Mama akakataa kupanda. Mwanawe alimbembeleza, mimi nikambembeleza, mwenyekiti wa kijiji akaja na maneno makali. Akamjibu, "Nipigeni basi." Boti zikaja zikaondoka. Kijana hakumlazimisha. Alikaa chini pembeni ya lile jiwe, wakawa wawili wanaotazama mlima.

Kilichoamua ni kipindupindu. Mama alianza kuharisha alfajiri, na jua lilipopanda hakuwa na nguvu ya kusema ndiyo wala hapana. Mwanawe alimbeba mikononi akaingia naye majini hadi kiunoni kuufikia ubavu wa boti. Nilikuwa humo tayari, nikampokea kichwa. Njia nzima nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kifuniko cha chupa. Alipona. Lakini hadi mwisho wa maisha yake alisema yeye kule hakupanda boti, alipandishwa.

Kabla hatujafika gatini, mwanawe aliniinamia akasema, "Dada, nakuomba. Wenzetu wasijue."

"Kwa nini? Watakuonea huruma, watasaidia."

"Wanajua nina gari," alisema. "Waache na hilo."

Basi simu ilipolia tena, na mwenzangu wa chumba akaanza duru yake ya habari, aliniuliza, "Huko mpakani husikii chochote cha yule Muha wetu?"

"Sisikii," nikasema.

Mzee alishusha gazeti. Alikuwa ameshasikia kisa chote kutoka kwangu. Alinitazama, akalipandisha tena.

Mambo ya mji yalibadilika haraka. Mashirika yakaja na magari meupe yenye antena ndefu. Kodi za nyumba zikapanda, kuku akawa wa wenye kazi za mashirika. Ajabu ni kwamba wenzangu wale walionihurumia sasa walinitafuta wao wenyewe. "Hebu tuulizie nafasi huko." Kigoma ilikuwa imegeuka neema, na mimi niliyekuwa ndani yake sikuweza kuichota. Shirika moja lilitaka kuniajiri. Wakasema haya, lete ruhusa ya mwajiri wako. Nikaenda kwa mzee.

"Nikikuachia, nani anabaki?" aliniuliza. "Idara hii ni mimi, wewe, na dereva asiye na gari."

"Mzee, nimekaa hapa miaka mingapi?"

"Mingi. Na kipindupindu kipo." Akavua miwani. "Ukiondoka bila ruhusa utaandikwa mtoro. Sikutishi, binti. Nakwambia ilivyo."

Nyumbani Upareni wadogo zangu walisoma kwa mshahara wangu. Nikarudi kwenye chupa zangu.

Nafasi niliyoikosa ilitangazwa Dar es Salaam, na aliyeipata alikuwa mwenzangu wa chumba. Alikuwa amekwishaacha wizara. Aliteremka kwenye ndege ndogo ya shirika amevaa miwani myeusi, redio ya mawasiliano kiunoni, akanikumbatia mpaka kilemba changu kikaanguka. Nilifurahi. Sitaki kusema sikufurahi. Watoto wake wawili aliwaacha Tanga kwa mama yake, na jioni ya kwanza alilia kwa ajili yao, kwenye baraza ya nyumba yake ya mlimani, ziwa lote likiwa chini yetu kama bati jipya.

Sasa ikabaki siri. Alikuwa anakwenda kufanya kazi katika kambi ileile aliyokuwamo mwenzetu. Nilimtangulia huko na lori la dawa, nikamwambia yule kijana, "Anakuja. Wiki ijayo anaandikisha watu wa kusimamia mabomba."

"Basi siku hiyo nitaumwa," akasema.

Hakuumwa. Siku ya kuandikisha nilikuwa nimeketi pembeni ya meza, chini ya turubai, nikiiwakilisha serikali. Mwenzangu aliketi katikati, na kushoto kwake mkubwa wake, mzungu mwenye haraka. Watu walipita mmoja mmoja. Nikamwona yule kijana amesimama katikati ya foleni, amenyoa ndevu, shati kalifunga hadi kifungo cha juu.

Zamu yake ikafika. Mwenzangu alikuwa akiandika, kichwa chini.

"Jina?" Akalitaja, jina refu la Kirundi ambalo chuoni hatukuwahi kulisikia.

"Umesoma hadi wapi?"

"Stashahada. Ufundi sanifu wa maji."

"Chuo gani?"

"Ulichosoma wewe."

Kalamu ikasimama. Akainua uso, akaivua miwani yake, akamtazama. Alinigeukia mimi.

"Ulijua."

"Nilijua."

Akasimama, akaenda nyuma ya gari. Mzungu akaniuliza kuna nini, nikamwambia wamesoma pamoja. Aliporudi uso ulikuwa na maji. Alimshika mwenzetu mikono yote miwili mbele ya foleni nzima, akasema kwa sauti, "Watu wote, huyu ndiye aliyenifundisha pampu." Halafu akamgeukia mkubwa wake akaanza kumpigania kwa Kiingereza cha haraka, kwamba mtu huyu aajiriwe kama fundi, kama yeye. Mzungu hakukasirika. Akasema utaratibu ni ule: mkimbizi hapewi mshahara, anapewa posho na sabuni. Wakamwandika msimamizi wa mabomba.

Hivyo tukawa watatu wa darasa moja kwenye kambi moja, mmoja wa shirika, mmoja wa serikali, mmoja mkimbizi. Tulifanya kazi vizuri. Tulibishana juu ya kipenyo cha bomba kama zamani, tukacheka walimu wetu, tukakumbushana maharage ya bwenini. Mama yake alituchomea mahindi na kutuita sote wanangu. Lakini alasiri ikianza kulegea, redio ilikoroma na magari yote yalitakiwa kuondoka kambini kabla ya giza. Tulipanda, yeye akibaki pale kwenye tangi, akilipiga gari ubavuni kwa kiganja kama mtu anayemfukuza punda. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona akipungua.

Siku moja nilimwambia kwamba hata mimi nimekwama, kwamba nikirudi Mwanga najiona nimehamishwa kambi tu, yenye soko kubwa zaidi. Aliniacha nimalize.

"Dada, wewe ukichoka unaweza kutembea kwa miguu mpaka Uvinza," alisema. "Mimi nikifika pale kwenye kizuizi naulizwa karatasi."

Alisema kweli. Lakini nakumbuka kwamba sikufarijika pia. Kufungwa kwa mwenzako hakukufungui wewe.

Habari ya Botswana ilikuja kupitia kwa yule wa Gaborone. Serikali ya kule ilitaka mafundi sanifu wa maji kutoka Tanzania, mkataba wa miaka, na usaili ungefanyika Dar es Salaam. Mwenzangu alituletea habari hiyo tukiwa tumekaa nje ya kibanda cha mama, akaisema kwa mnong'ono ingawa hapakuwa na mtu.

"Twende sote," alisema. "Wawili nyie mna vyeti vizuri kuliko changu."

Mwenzetu alicheka. "Mimi nani atanipa kibali?"

"Kibali cha nini? Cheti chako ni cha Tanzania. Kiswahili chako kinanishinda. Chuo kizima tuliamini wewe Muha. Lala nyuma ya gari langu, nakufikisha stesheni."

Ndani tulimsikia mama akikohoa.

"Mara ile nilisema mimi Muha kwa sababu nilitaka kusoma," alisema. "Sasa nikilisema tena, mama naye nimwambie aseme yeye ni nani? Nikikamatwa njiani, atachotewa maji na nani?" Akatikisa kichwa. "Nendeni nyie."

Nilikwenda kwa mzee, na safari hii sikuomba. Nilifunga mlango wake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasema, "Shikamoo mzee. Naomba likizo yangu. Usiponipa, leo ndiyo nitakuwa huyo mtoro." Alinitazama, akavuta karatasi, akaandika. "Nenda, binti," alisema. "Ukipata, usirudi kunishukuru. Panda treni uende moja kwa moja."

Nilifungasha. Nikaviweka vyeti kwenye mfuko wa nailoni, nikaushona ndani ya koti. Na mvua ya mwaka ule, ambayo ilikuwa imenyesha bila kukata tangu miezi iliyotangulia, ikazoa reli huko mbele. Nilifika stesheni nikakuta watu wamelala juu ya mizigo, magunia ya dagaa yameanza kunuka, na ubaoni imeandikwa kwa chaki kwamba safari zimesitishwa hadi taarifa nyingine. Nilikwenda kila asubuhi kuusoma ubao ule. Kisha nikapanda lori la mizigo lililosema litajaribu barabara ya Kasulu na Kibondo. Tulilala kwenye matope, tukasukuma, tukaamka tukaambiwa daraja la mbele limekwenda. Nikarudi Mwanga nimepakwa udongo mwekundu mpaka nywele.

Ilibaki ndege ya shirika. Mwenzangu aliniombea kiti. Aliomba kwa ofisa wa safari, akaomba kwa mkubwa wake, akapiga redio makao makuu. Jibu lilikuwa la adabu sana: ndege ni ya wafanyakazi wa shirika peke yao.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza uwanjani. Ndege ilikuwa ndogo, na kwa dirisha lake nikaona viti viwili havina mtu. Yeye pia aliviona.

"Nisiende?" aliniuliza.

"Nenda."

"Sema kweli."

"Nimesema nenda."

Nusu yake ilikuwa kweli. Alichukua nakala za vyeti vyangu, akaapa atawashika wasaili miguu wanisubiri. Hawakusubiri, walitaka mtu mwenyewe. Yeye wakamchukua. Hakurudi Kigoma tena hata kuchukua vyombo vyake. Alinipigia akaniambia nivigawe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kutukanwa. Sikumtukana. Nilimtakia heri, nikaweka simu, nikatoka nje nikaenda nikasimama nyuma ya ghala la mabomba mpaka nikaweza kurudi.

Kwa muda mrefu sikutaka habari za mtu yeyote. Simu ikilia nilimwomba mzee aseme nipo kambini. Mara nyingi nilikuwa kweli kambini. Mimi na yule mwenzetu tuliendesha mabomba yale chini ya mkubwa mpya baada ya mkubwa mpya, kila mmoja akija na mkataba mfupi na kuondoka ameungua jua. Hatukumsema yule aliyeondoka. Mara moja tu aliniuliza, "Hajambo huko?" Nikasema sijui. Akasema, "Ungempigia. Huko ugenini na yeye hana mtu wa kumweleza." Nikampigia. Alilia, akanieleza jinsi watoto wake wanavyokataa uji wa mtama wa kule, na kidogo kidogo tukarudi kuwa sisi.

Mama wa mwenzetu alifia kambini, mwaka wa masika haba. Hakuumwa sana, alichoka tu. Tulimzika kwenye makaburi ya kambi, mwanawe na mimi na watu wa mabomba, kwa sala fupi ya katekista. Baada ya hapo mwenzetu akawa hana cha kumshika pale, na bado asiweze kutoka. Hicho ndicho kipindi nilichomwogopea. Alisimama kwenye tangi siku nzima hata kama hapana kazi. Aliomba kupelekwa nchi nyingine, akahojiwa, akangoja, akahojiwa tena na watu wengine waliouliza maswali yaleyale, na mwisho akachukuliwa kwenda Kanada. Aliniaga kwenye kizuizi, kwa kuwa basi lao halikupita mjini.

Mimi sikuhama. Wadogo zangu walimaliza shule, mama yangu akafariki, ile Upareni niliyoililia ikabaki na kaka aliyeoa na kiwanja chenye mgogoro. Mzee alistaafu akarudi kwao Tabora, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine nikapewa chumba chake na simu yake. Niliolewa na mwalimu, Muha wa kweli, wa Kasulu kabisa. Watu husema nilizoea. Labda. Lakini hata sasa, nikisikia honi ya treni inayoondoka, huweka kalamu chini mpaka inyamaze.

Kambi ilifungwa, wakimbizi wakarudi kwao. Siku moja alinipigia kutoka Kanada. Alikuwa amepata kazi kwenye mitambo ya maji ya mji anaoishi, baada ya miaka ya kubeba maboksi ghalani. Tukaongea mengi, na mwisho akauliza kama naweza kwenda kutazama kaburi la mama.

Nilikwenda na mume wangu. Vibanda havikuwapo, miti ilikuwa imeota kwenye njia za magari, na misalaba ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa. Nilidhani ningelijua kaburi lile hata nikiwa nimefumba macho. Sikulijua. Vilikuwa vifusi vingi, vyote vimefanana, nyasi hadi kiunoni. Tulimkuta mkulima mmoja akipalilia maharage ng'ambo ya pili, akatuambia yeye hapandi kitu upande huu, anauacha tu. Alikuja na jembe lake bila kuombwa, tukasafisha sehemu niliyoikisia, safu nzima, makaburi sita au saba ya familia za watu wengine pamoja na la mama.

Nilimpigia nikiwa palepale. Nilimwambia ukweli: sikulipata kwa hakika, lakini yumo katika hawa.

Nikamsikia anahema.

"Hakuna mtu amelima juu yao?"

"Hakuna."

"Basi sawa," alisema. Halafu akauliza, "Na wengine? Wenzetu wana habari gani?"

Nikakaa kwenye nyasi zilizokatwa, nikaanza kumsimulia: nani amestaafu, nani amefiwa, binti ya nani anaolewa, nani bado hapokei simu. Aliuliza juu ya kila mmoja. Mume wangu na yule mkulima walikwenda kukaa kivulini kunisubiri, na niliendelea kusimulia mpaka chaji ikaisha.